Swali Linalofunga Kinywa cha Mgonjwa: Maoni Kuhusu Mitishamba ya Uani

Miaka kadhaa iliyopita, katika usiku wa zamu yangu, aliletwa hospitalini bibi mmoja wa umri upatao miaka 70, amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha bajaji huku binti yake akiwa amemshika kichwa. Alikuwa amelowa jasho, haitikii akiitwa, na mikono yake ilikuwa baridi. Kipimo cha sukari kilisoma milimoli 1.9 kwa lita. Tulimpa glukosi kwa njia ya mshipa, na baada ya dakika chache akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, kisha akauliza ni nani aliyewafungia kuku wake. Tulicheka kwa ahueni. Nikalichukua faili lake ili niandike, na humo, kwa mwandiko wangu mwenyewe wa wiki tatu nyuma, nikakuta maneno haya: "Hatumii dawa nyingine."

Kulipokucha binti yake alinieleza yaliyokuwa yakiendelea nyumbani. Kila alfajiri mama yake alikuwa akichuma karela mbili zilizotambaa kwenye uzio wa nyumba, yale matunda machungu yenye ngozi ya matuta, akizisaga, akinywa maji yake kikombe kizima, kisha akimeza kidonge cha glibenklamidi nilichomwandikia mimi. Jioni ile alikuwa na mafua, hakutamani chakula, akalala bila kula. Nilipomwuliza bibi kwa nini hakunieleza habari ya karela siku alipokuja kliniki, alinijibu kwa upole ambao unaniuma hadi leo: "Mwanangu, mbona uliniuliza ukiwa umeshajijibu?"

Alisema kweli. Nilikuwa nimemwuliza hivi: "Bibi, hutumii mitishamba, sivyo?" Swali la namna hiyo huwa na jibu lake ndani, na mgonjwa mwenye adabu humpa daktari jibu analolitaka. Niongeze, kwa haki ya ile karela, kwamba lawama haikuwa yake peke yake. Glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mzee ambaye figo zake zimeanza kuchoka, na siku hizi haipendelewi kwa watu wa umri wake. Dawa yangu ilishusha sukari, tunda lake likaishusha zaidi, na tumbo lilikuwa tupu. Sisi wawili tulikuwa tukimtibu mtu mmoja bila ya mmoja wetu kujua la mwenzake.

Ninaandika makala haya kwa sababu ninaamini kwamba, katika jambo hili la mitishamba ya nyumbani, hatari kubwa haimo katika mmea wenyewe. Imo katika ukimya ulio kati ya uani na chumba cha daktari. Ukimya huo tumeujenga sisi wahudumu wa afya kwa kebehi zetu, na wagonjwa wameuimarisha kwa kuficha.

Tuutazame kwanza uani wenyewe. Mtu akiingia katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga au Morogoro atakuta mchaichai umepandwa karibu na bomba, ili unywe maji yanayomwagika ndoo zinapojazwa. Mshubiri, ambao wengi sasa huuita alovera, umo kwenye ndoo iliyopasuka. Mlonge umefanywa nguzo ya uzio na ukachipua. Mwarobaini unatoa kivuli konani, mpera uko nyuma ya jiko, na kivumbasi kimeota mlangoni kwa kuwa bibi fulani zamani alisema mbu hawakipendi. Hii ni mimea yenye kazi, na mara nyingi imepandwa na mtu mwenye akili ya kujitegemea, aliyekwisha kuona zahanati ikikosa dawa zaidi ya mara moja. Sina ugomvi naye. Wala wenzangu wasijifanye wageni wa mambo haya, kwani nimewaona mara nyingi wakichemsha tangawizi katika chumba cha zamu pindi koo zinapowasha.

Baadhi ya mimea hii ina ushahidi wa kuheshimika. Tangawizi imechunguzwa kwa wajawazito wenye kichefuchefu cha asubuhi, na imeonekana kuwapa nafuu. Ute mweupe wa mshubiri huliwaza eneo lililoungua kidogo, baada ya kulipoza kwanza kwa maji safi. Majani ya mlonge ni mboga yenye lishe, na kuyaita dawa ni kuyapunguzia heshima, kwa maana mboga huliwa kila siku. Chai ya choya, ile nyekundu yenye ukakasi, imeonekana katika tafiti kadhaa kushusha shinikizo la damu kwa kiasi. Neno "kwa kiasi" ndilo ninaloliomba lisomwe mara mbili. Mtu ambaye shinikizo lake ni 180 kwa 110 hataokolewa na choya, na akiinywa kwa wingi huku akimeza vidonge vyake, huenda akashangaa siku anapoinuka kitandani na kuona kizunguzungu. Afanye nini? Amweleze anayemtibu, apimwe, vidonge virekebishwe ikibidi. Hilo ni jambo la dakika mbili, iwapo limesemwa.

Na kwa kuwa wapo watakaopanda baada ya kusoma haya, niseme machache kuhusu kupanda, maana usalama wa dawa ya nyumbani huanzia kwenye udongo. Mchaichai haupandwi kwa mbegu. Hugawanywa mashina kutoka fungu la jirani, ukapewa jua na maji, nao hushika udongo vizuri kwenye mteremko. Tangawizi hupandwa kwa kipande cha tunguu chenye jicho, mahali penye kivuli kidogo, na huhitaji miezi kama 8 hadi 10 kukomaa. Mwenye haraka ainunue sokoni. Mlonge ukiachiwa hupaa juu kupita paa, kwa hiyo ukatwe kila mara ili majani yabaki yanapofikiwa na mkono. Mshubiri hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu.

Kuliko hayo yote, patazamwe mahali penyewe. Mmea wa dawa usiote kando ya shimo la choo, wala ukingoni mwa barabara yenye magari mengi, wala kwenye mfereji unaopitisha maji ya viwandani. Mboga zilizolimwa katika bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam zimewahi kupimwa na kukutwa na madini mazito, risasi ikiwamo, na hakuna sababu ya kudhani kwamba mchaichai una hekima ya kuyakwepa madini ambayo mchicha umeyanyonya. Jirani anayepulizia nyanya zake sumu ya wadudu naye ahesabiwe. Upepo haujui mpaka wa kiwanja. Majani yakichumwa yaoshwe, yakaushwe kivulini juu ya mkeka safi, yahifadhiwe makavu katika chombo chenye jina na tarehe. Yaliyoota ukungu yatupwe, hata kama ni mengi na yanatia huruma. Jina kwenye chombo si urembo: unga wa kijani wa mlonge na unga wa kijani wa kitu kingine hufanana mno, na anayeutumia mwezi wa tatu huenda siye aliyeusaga.

Sasa nije kwenye mwarobaini, mti ninaousikia zaidi kuliko yote. Ulikuja kwetu kutoka upande wa Bara Hindi, na jina lake lenyewe limebeba sifa ya kutibu magonjwa 40. Wagonjwa wangu wengi huamini kwamba unatibu malaria, na nikiwauliza wanajuaje, hunijibu kwamba ni mchungu. Hapa pana historia. Kwa vizazi kadhaa dawa ya malaria tuliyoijua ilikuwa kwinini, iliyotokana na gome la mkwinini, mti ambao Wajerumani waliupanda Amani, katika milima ya Usambara, walikoanzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902. Kwinini ni chungu kupita kiasi. Ulimi wa watu ukajifunza kwamba kichungu huua homa, na somo hilo likahamia kwa kila jani chungu. Lakini uchungu ni ladha tu, na vijidudu vya malaria havina ulimi. Mwarobaini una kemikali nyingi zenye kuvutia watafiti, nami ninatamani utafiti uendelee, lakini kikombe cha mwarobaini hakitibu malaria kwa namna ambayo mzazi anaweza kuitegemea mtoto wake anapochemka usiku. Tena mafuta ya mbegu zake yameripotiwa kuwapa watoto wachanga sumu kali ya ubongo na ini, hata kwa kiasi kidogo. Mafuta hayo yasimguse mtoto kinywani kabisa, na wajawazito wajiepushe na dawa za mwarobaini za kunywa.

Atainuka mtu aseme: mbona dawa mseto yenyewe imetoka kwenye jani? Imetoka, naam. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, aliipata artemisinini katika mmea wa artemisia baada ya kusoma maandiko ya tiba ya karne ya nne, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Lakini tuisikilize habari hiyo hadi mwisho. Kuchemsha mmea kulimwangusha. Alipobadili njia akatumia kimiminika chenye kuchemka kwa joto dogo, ndipo dawa ikafanya kazi. Kisha artemisinini ikaunganishwa na dawa nyingine, ili vijidudu visipate nafasi ya kuizoea. Chai ya artemisia haina kipimo kinachojulikana wala mwenzi wa kuilinda, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika tamko lake la 2019, halikuunga mkono matumizi yake ya kutibu au kukinga malaria. Anayeinywa kila wiki "kujikinga" huenda anavifundisha vijidudu kuishi na dawa ambayo jirani yake ataihitaji kesho.

Wenzangu wahudumu wa afya nao nina habari yao. Mwaka 1775 daktari mmoja Mwingereza, William Withering, aliombwa maoni kuhusu dawa ya familia iliyotunzwa kwa siri na mwanamke mzee wa Shropshire, iliyokuwa ikiwaponya baadhi ya watu wenye kuvimba mwili ambao madaktari walishindwa kuwasaidia. Ilikuwa na mimea 20 au zaidi. Withering hakucheka. Aliichunguza, akatambua kwamba kazi ilifanywa na mmea mmoja, dijitali, kisha akatumia miaka kumi akiwaangalia wagonjwa na kutafuta kipimo kisichoua, maana mmea huo ni sumu kali ya moyo. Alichapisha kitabu chake mwaka 1785, na digoksini tunayoandika leo kwa mgonjwa wa moyo imetokana na jamii hiyo ya mimea. Najiuliza ni mara ngapi mimi, nikiwa na wagonjwa 60 kwenye foleni, nimemkatiza bibi aliyekuwa anakaribia kuniambia jambo.

Lakini nisije nikaeleweka kwamba kila kitokacho uani kipewe nafasi. Pana milango miwili ambayo, kwa maoni yangu, mitishamba haifai kuipita.

Mlango wa kwanza ni wa mtoto mchanga. Kabla ya kufikisha miezi sita mtoto anahitaji maziwa ya mama tu, pamoja na dawa anazopewa na mhudumu wa afya akizihitaji. Dawa ya mchango inayopikwa kwa mizizi, na kumiminwa kwa kijiko katika kinywa cha mtoto wa wiki mbili kwa sababu analia usiku, haina kipimo chochote. Ini la mtoto huyo bado changa, na maji yaliyotumika huenda hayakuwa safi. Kitovu kiachwe kikavu na safi, bila majani wala majivu. Na degedege, ambayo katika vijiji vingi bado huhesabiwa kuwa jambo la mganga, mara nyingi huwa ni malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Nimewaona watoto waliofikishwa wodini siku ya tatu, wakinuka moshi wa majani waliyofukizwa. Mama zao hawakuwa wazembe. Walikuwa wamefanya kazi usiku na mchana kwa siku tatu, katika upande usiokuwa na msaada. Nyungu nayo, iliyopata umaarufu mkubwa nchini mwaka 2020, isifanywe kwa mtoto, kwa sababu sufuria la maji yanayochemka chini ya blanketi ni ajali inayongoja mguu mmoja wa kulisukuma.

Mlango wa pili ni wa mwanamke aliye katika uchungu wa uzazi. Zipo dawa za majani na mizizi za kuharakisha uchungu, na wajawazito wengi huzinywa nyumbani kabla ya kuondoka, mara nyingine kwa kuhimizwa na mama mkwe ambaye hawawezi kumkatalia. Mji wa mimba ukikazwa na mzizi usio na kipimo, kisha wodini ukaongezewa oksitosini na mkunga asiyejua kilichotangulia, unaweza kupasuka. Mkunga huyo atauliza, kama ameuliza, mbele ya mama mkwe aliyeipika dawa. Hapo nani atajibu? Mwanamke huyu aulizwe akiwa peke yake, pazia likiwa limefungwa, kwa sauti ya chini na bila kutishwa. Ni jambo dogo la utaratibu, halihitaji bajeti, na bado katika wodi nyingi nilizopitia halifanyiki.

Sheria yetu haimkatazi mtu mitishamba. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, na baraza la kuisimamia. Pale Muhimbili utafiti wa mimea ya dawa ulipewa kitengo chake tangu mwaka 1974. Kwa hiyo karipio tunalowapa wagonjwa halina asili yake katika sheria wala katika sayansi. Ni desturi tu, tuliyoirithi kwa waliotufundisha. Mwaka 2011, maelfu ya watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, wapo walioacha dawa za VVU na za kisukari. Sisi tuliobaki hospitalini tuliwakasirikia. Sikumbuki kama kuna aliyekaa na mmoja wao akamwuliza ni jambo gani alilolikosa kwetu.

Ninachopendekeza ni hiki. Swali libadilishwe. Badala ya "hutumii mitishamba, sivyo?", tuulize: "Nyumbani mnatumia majani gani, mizizi gani, au chai gani kwa ajili ya ugonjwa huu?" Swali hilo linachukulia kwamba jibu lipo na kwamba halina aibu. Jibu liandikwe katika kadi ya kliniki, chini ya orodha ya vidonge, kwa jina analolitumia mgonjwa mwenyewe, pamoja na sehemu ya mmea, namna ya kuuandaa na kiasi. Mgonjwa naye aje na tawi lenyewe, likiwa na jani na ua au tunda kama lipo, kwa sababu jina moja huweza kuwa la mmea mmoja Lushoto na wa mwingine Lindi, na unga haumtambulishi mtu yeyote. Anayetarajia kufanyiwa upasuaji aseme kama anakula kitunguu saumu au tangawizi kwa wingi kama dawa, kwani huweza kuongeza kutoka damu. Anayemeza dawa za sukari, za shinikizo, za kuzuia damu kuganda, za kifafa au za VVU aseme kabla ya kuanza, si baada. Mhudumu asipoujua mmea, akiri haujui, aulize mfamasia au wataalamu wa tiba asili. Kukiri huko hakumpunguzii mtu cheo. Mimi nimekwisha kukijaribu mara nyingi.

Bibi wa karela bado anakuja kliniki. Tulimbadilishia kidonge, na karela tukakubaliana aipike kama mboga mara moja kwa wiki, pamoja na chakula, huku akipima sukari. Mwezi uliopita aliingia, nikamwamkia, akaitikia marahaba, na kabla sijafungua faili akatoa mkobani tawi lililofungwa kwenye gazeti. Jirani alimwambia linasaidia miguu inayowaka moto. Nililigeuza, nikalinusa, sikulijua. Muuguzi aliyekuwa akipima shinikizo, ambaye kwao ni Muheza, alilitazama mara moja tu akalitaja kwa jina, akasema kwao hutumika kuogea, hawalinywi kamwe. Tulimpima bibi miguu kwa uzi na kwa uma wa mtetemo, tukamwandikia dawa ya neva, na katika mstari wa chini wa kadi yake nikaandika jina la tawi lile kama muuguzi alivyonitamkia, herufi kwa herufi, na mbele yake: "kuogea tu."